Siri ya mgonjwa: kwa nini neno "usiseme" halitoshi kwenye mafunzo kazini

Katika vituo vingi vya afya, somo la siri ya mgonjwa huishia kwenye neno moja: usiseme. Hurudiwa kwenye ripoti ya asubuhi, hubandikwa ukutani karibu na mkataba wa huduma kwa mteja, na hakuna anayelipinga. Lakini kazi ya hospitali ni kusema kutwa nzima. Daktari anaandika kipimo, maabara inarudisha majibu wodini, wodi inajaza fomu ya bima, masjala inatoa faili, mganga mfawidhi (mkuu wa kituo) anatuma ripoti ya wiki wilayani, askari anakuja na PF3 (fomu ya polisi ya kuelezea majeraha), mwajiri anapiga simu kuuliza kama kweli mtumishi wake alilazwa. Aliyefundishwa kunyamaza tu hana cha kumwongoza hapo. Matokeo yake anamnyima taarifa anayestahili, au anampa asiyestahili faili zima kwa kuwa amekuja amevaa tai.

Mafunzo endelevu ya kitaaluma yanayohusu sera za afya na siri ya mgonjwa yana kazi ya kufundisha namna ya kutoa taarifa: anapewa nani, kwa ajili gani, na kiasi gani kinatosha. Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa sababu ndani ya mkoa mmoja kuna hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa na Mirembe, kuna jiji lililojaa watumishi wa serikali na kadi zao za bima, na kuna zahanati za Chemba na Bahi ambako mhudumu na mgonjwa wanachota maji kisima kimoja.

Sheria ziko ngapi, na inamshika nani

Mkanganyiko wa kwanza unatokana na kudhani ipo sheria moja ya siri ya mgonjwa. Zipo kadhaa, na kila moja inamshika mtu wake.

Juu kabisa ni Ibara ya 16 ya Katiba ya 1977, inayolinda faragha ya mtu. Kisha ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Hii inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Inamtaja mkusanyaji, ambaye kwetu ni hospitali, zahanati, famasi, maabara au mfuko wa bima, na mchakataji, yaani anayezishughulikia taarifa kwa niaba ya mkusanyaji, kama kampuni inayoitunzia hospitali mfumo wake wa kompyuta. Wote wawili wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Taarifa nyeti kwa kawaida zinahitaji ridhaa ya maandishi, isipokuwa pale sheria yenyewe ilipofungua mlango, na mlango mmojawapo ni matibabu ya mhusika yanayosimamiwa na mtaalamu wa afya. Ndiyo maana nesi hahitaji saini ya mgonjwa ili aandike presha kwenye faili, lakini ukurasa wa hospitali mtandaoni unaihitaji kabla ya kuweka picha ya mama aliyejifungua mapacha watatu. Kukubali kupigwa picha akiwa kitandani, huku daktari wake amesimama mbele yake, ni ridhaa dhaifu. Aulizwe na mtu mwingine, tena aambiwe wazi kwamba akikataa huduma yake iko palepale.

Pembeni yapo mabaraza ya taaluma: Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga, Baraza la Famasia na mengineyo, kila moja kwa sheria yake. Hayo yanashika leseni. Halafu kuna sheria za magonjwa na makundi maalumu: Sheria ya UKIMWI ya 2008, Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 na Sheria ya Mtoto ya 2009.

Leseni inamgusa daktari, tabibu, nesi, mfamasia na mtu wa maabara. Haimgusi mlinzi wa getini, karani wa masjala, mhasibu wa dirishani, mfanya usafi wala fundi kompyuta, na hao ndio wanaoona zaidi. Karani wa masjala anajua nani ana faili la kliniki gani kabla daktari hajafika kazini. Sheria ya 2022 inawashika wote, pamoja na kituo kilichowaajiri. Basi mafunzo yanayoitisha wenye leseni pekee, kwa kuwa ndio wanaohitaji pointi za CPD (yaani za mafunzo endelevu ya kitaaluma), yanaacha nusu ya mlango wazi. Mfawidhi awaite wote, wenye pointi na wasio nazo.

Kuhusu pointi zenyewe: kila baraza lina utaratibu wake wa kuzihesabu wakati wa kuhuisha leseni, na somo la ndani ya kituo huhesabika pale tu lilipofuata utaratibu huo. Aulizwe mratibu wa mafunzo kabla ya siku ya somo. Akiulizwa baadaye, karatasi ya mahudhurio haina la kufanya tena. Na tahadhari kwa wanaosoma mtandaoni: kozi nyingi za bure za siri ya mgonjwa zinafundisha HIPAA, sheria ya Marekani ya 1996. Zina mambo mazuri, hasa orodha yake ya vitambulisho 18 vya kuondoa kabla ya kutoa taarifa kwa utafiti. Ila cheti chake hakimfundishi mtu afanye nini na PF3.

Kinachovuja mapokezini

Anayetaka kujua siri inavuja wapi afuate faili moja toka getini mpaka famasi, akiwa na kalamu. Katika vituo vingi hatafika mbali kabla ya kuandika kitu.

Dirishani mgonjwa anaulizwa kwa sauti, kupitia kioo chenye tundu dogo, "Unasumbuliwa na nini?" Nyuma yake kuna watu kumi na tano kwenye benchi. Karani wa usajili hahitaji kujua ugonjwa ili afungue faili. Anahitaji jina, umri, makazi, simu na namna ya malipo. Swali la ugonjwa lihamishiwe kwa nesi anayepima uzito na presha, ambaye anaweza kuliuliza kwa sauti ya chini. Badiliko hilo halina gharama. Kuchora mstari sakafuni hatua mbili kutoka dirishani nako gharama yake ni rangi tu.

Kuita majina ni suala gumu zaidi kuliko linavyofundishwa. Wakufunzi wengi wanasema: acheni kuita majina, iteni namba. Vizuri, lakini namba peke yake ni hatari. Namba 27 akienda chooni, anaweza kuingia namba 28 aliyesikia vibaya, akapewa majibu ya mwenzake au akachomwa sindano isiyo yake. Kumtambua mgonjwa kunataka vitu viwili, kwa kawaida jina kamili na tarehe ya kuzaliwa au namba ya faili. Njia inayofaa ni kuita namba nje na kuthibitisha jina ndani, mlango ukiwa umefungwa. Tena mgonjwa ndiye ataje jina lake. Ukimuuliza mzee asiyesikia vizuri, "Wewe ndiye fulani?", atakuitikia ndiyo kwa heshima tu.

Madaftari ya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za huduma za afya, nayo yana tabia yake. Ni makubwa, yana mistari mirefu, na hukaa wazi mezani siku nzima. Mgonjwa akiinama kutaja kijiji chake anasoma watu sita walioandikwa juu yake, umri, kijiji na ugonjwa. Kipande cha boksi kilichokatwa kwa upana wa ukurasa, chenye uwazi wa mstari mmoja, kinamaliza tatizo hilo kwenye meza ya wagonjwa wa nje. Kikichakaa kikatwe kingine.

Zipo siri zinazotoka bila mtu kufungua mdomo, kwa sababu mahali penyewe panasema. Jengo la CTC (kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI) lililotengwa upande wa pili wa uwanja linamtangaza kila anayeingia. Mirembe inajulikana nchi nzima kama hospitali ya afya ya akili, na Dodoma jina hilo hutumika hata kwenye utani, kwa hiyo bahasha ya rufaa iliyoandikwa "Mirembe" kwa kalamu nene tayari imetoa siri kabla haijafunguliwa. Bahasha iandikwe jina la mgonjwa tu, jina la hospitali likae ndani. Mtumishi akipiga simu kumkumbusha mtu kliniki, na ikapokelewa na mtu mwingine, aseme: "Samahani, naomba kuongea na mwenye simu." Akiambiwa hayupo, aage kwa adabu bila kutaja kituo. Simu moja ya mume na mke, au ya kaka inayotumika na nyumba nzima, ni jambo la kawaida vijijini. Ndiyo sababu wakati wa usajili kuna swali la kuongeza: "Namba hii unaishika wewe mwenyewe, au mnaitumia pamoja? Tukipiga, tuseme sisi ni nani?" Jibu liandikwe kwenye faili, si kwenye kumbukumbu ya nesi wa zamu.

Mkoa huu una jambo jingine linalosahaulika, nalo ni mkalimani. Bibi wa Mvumi anayeongea Kigogo tu, au mzee wa Chemba anayejieleza vizuri kwa Kisandawe, hutafsiriwa na yeyote aliye karibu: mjukuu, jirani wa benchi, dereva wa bodaboda aliyemleta. Mtoto wa miaka 12 anamtafsiria bibi yake habari za kutokwa damu ukeni. Bibi anapunguza maneno, daktari anapata nusu ya historia, na mtoto anabeba jambo lisilo la umri wake. Kituo kiwe na orodha ya watumishi wake kwa lugha wanazozijua, ibandikwe ndani ya chumba cha daktari. Karibu kila kituo cha hapa kina mtumishi wa Kigogo au Kirangi. Kinachokosekana ni orodha tu.

Wanaouliza

Ndugu ndio wa kwanza. Kwetu mgonjwa haji peke yake, na wanaomuuguza ndio wanaopika, wanaofua na wanaolipa. Kuwafukuza kwa jina la siri ni ukatili usio na faida. Utaratibu ni kumuuliza mgonjwa mwenyewe, akiwa peke yake, siku ya kulazwa: "Mama, nani tumweleze maendeleo yako, na kuna jambo usilotaka wajue?" Jina liandikwe. Ndugu mwingine akija anajibiwa hivi: "Kaka, mzee anaendelea na matibabu, na mambo ya ugonjwa wake tunaongea naye pamoja na dada yenu aliyemchagua." Hakuna aliyedanganywa, na hakuna kilichotoka.

Mwajiri anafuata, hasa Dodoma mjini. Mtumishi amepewa ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazini) ya siku tano, na ofisi ya utumishi inataka kuhakikisha. Mwajiri anachostahili kujua ni kama karatasi ni halali na siku ni ngapi. Ugonjwa haumhusu. Bado kuna ED zinazoandikwa ugonjwa kwa herufi kubwa, zikapita masjala ya wizara, kwa katibu muhtasari, kwa mkuu wa idara na hatimaye kwenye faili la wazi. Kinachotosha ni maneno "anahitaji mapumziko kwa sababu za kiafya", tarehe, saini na muhuri. Anayehakiki kwa simu aombwe alete barua, kwa maana sauti ya simuni haina kitambulisho.

Askari mwenye PF3 anapata maelezo ya majeraha: yako wapi, ukubwa gani, yamesababishwa na kitu cha namna gani kwa maoni ya daktari. Hapati historia ya mgonjwa ya miaka mitano. Anayetaka faili zima aje na amri ya mahakama au ombi la maandishi linalotaja msingi wa kisheria, na ombi hilo liende kwa mfawidhi. Tabibu wa zamu ya usiku ana haki ya kusema, "Afande, hili linamsubiri mfawidhi asubuhi," na afundishwe kulisema hivyo bila kutetemeka.

Bima ni rahisi kidogo. Mfuko unalipa huduma, kwa hiyo unahitaji kujua ni huduma gani na kwa ugonjwa gani, na mwanachama anasaini fomu akijua hivyo. Mpaka wake ni ziara husika. Anayehakiki madai ya malaria hana sababu ya kupiga picha kurasa za kliniki ya mwaka jana zilizomo kwenye faili hilohilo.

Kwa magonjwa ya mlipuko mambo yanageuka, na hapa kunyamaza ndilo kosa. Anayeshukiwa kuwa na kipindupindu anatakiwa kuripotiwa kwa mganga mkuu wa wilaya ndani ya saa 24, kwa jina na makazi, ili timu iende ikatibu maji na kufuatilia waliokula naye. Hilo halihitaji ridhaa yake. Lakini timu ikifika kijijini, jina linabaki kwenye fomu. Jirani anaambiwa kuna mgonjwa eneo hili na kwamba maji yachemshwe. Mwenyekiti wa kijiji asiyetangaziwa jina hataweza kulitangaza kwenye mkutano. Kwa mtoto anayeonyesha dalili za kupigwa au kudhalilishwa, vilevile: Sheria ya Mtoto inataka taarifa itolewe kwa mamlaka ya serikali za mitaa, kwa kawaida kupitia ustawi wa jamii, hata mzazi akiomba yaishe nyumbani.

Virusi vya UKIMWI vinahitaji nafasi yake kwenye somo, kwa sababu hapa wakufunzi hurahisisha mno. Sheria ya 2008 inasema majibu ni siri na anapewa aliyepimwa, kisha inataja wachache wengine: mzazi au mlezi wa mtoto, mwangalizi wa mtu asiyeweza kuelewa, mwenza, na mahakama. Marekebisho ya 2019 yalishusha umri wa kujiridhia kupima kutoka miaka 18 hadi 15, kwa hiyo binti wa miaka 16 aliyekuja mwenyewe haambiwi akamlete mama yake kwanza. Kutajwa kwa mwenza hakumaanishi mhudumu akimbilie kumpigia mume wa mtu simu. Aliyepimwa ndiye sheria inayempa wajibu wa kumwambia mwenza wake, na kazi ya mshauri ni kumwandaa, kupanga naye siku, kukaa nao wote wawili kama akitaka, na kumuuliza wazi kama kuna hatari ya kupigwa au kufukuzwa. Mhudumu anayeruka hatua hizo anaweza kuwa ndani ya maneno ya sheria na bado akamvunjia mama wa watu nyumba yake.

Simu mfukoni

Kundi la WhatsApp la kuulizana ushauri limeokoa wagonjwa, na kulipiga marufuku ni kujidanganya, maana litaendelea kimyakimya. Lenye maana ni kujua picha inakwenda wapi. Ikipokelewa, kwenye simu nyingi hujihifadhi yenyewe pamoja na picha za harusi na za watoto, kisha hunakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo seva zake haziko nchini, wakati sheria ya 2022 ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Aliyehama kituo miaka miwili iliyopita bado yumo kwenye kundi. Picha ya eksirei ina jina kwenye kona ya juu.

Kwa hiyo: kabla ya kupiga, funika jina kwa kidole au karatasi, sura isionekane isipokuwa ndiyo yenye ugonjwa, zima uhifadhi wa picha wa moja kwa moja kwenye mpangilio wa programu, weka ujumbe wa kujifuta, na kiongozi wa kundi apitie majina kila mwezi. Kuondoa jina hakutoshi mahali padogo. "Mwalimu wa kike, miaka 43, mwenye ualbino, kutoka kijiji fulani" ni mtu mmoja tu duniani, na wilaya nzima inamjua. Andika "mwanamke, miaka arobaini na kitu". Mtoa ushauri hahitaji zaidi.

Mfumo, karatasi, na siku siri ikitoka

Vituo vya serikali vinavyotumia GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa kuendesha huduma za kituo, vina faida moja kubwa: mfumo unaonyesha nani amefungua faili gani na saa ngapi. Faida hiyo hufa siku daktari wa zamu anapofungua kwa nywila yake asubuhi na watu watano wakaitumia mpaka jioni. Ikitokea shida, rekodi zote zinamtaja yeye. Waliomaliza mafunzo kwa vitendo na kuondoka nao majina yao hubaki hai kwenye mfumo. Anayefunga akaunti atajwe kwa cheo, na siku ya kuifunga iwe ileile ya kukabidhi kitambulisho. Umeme ukikatika, kituo hurudi kwenye karatasi, na karatasi hizo, baada ya kuingizwa kwenye mfumo, hubaki bila mwenyewe. Mwisho wake unajulikana: zinafungia karanga. Kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa uamuzi wa mtu mmoja, kwa kuwa ipo Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002. Hata za kuteketezwa kihalali zichomwe mbele ya mashahidi wawili, tarehe na saini zikiandikwa.

Somo zuri la saa moja litumie dakika kumi kwa sheria na zinazobaki kwa kuigiza: mmoja awe askari, mwingine mwajiri, mwingine shangazi mkali. Karani ajibu kwa kinywa chake mpaka maneno yaje yenyewe. Baada ya wiki tatu mtu apige simu mapokezi akijifanya mwajiri, aone anachopewa. Nani aambiwe matokeo? Timu nzima, bila kumtaja aliyekosea.

Na siri ikishatoka, hatua zina mpangilio. Kwanza zuia isiendelee: ondoa karatasi, funga akaunti, omba picha isisambazwe. Kabla ya kufuta chochote kwenye kundi, andika nani alituma, saa ngapi, na wangapi walikuwemo, kwa sababu kufuta haraka kunafuta pia ushahidi. Mjulishe mfawidhi siku hiyohiyo. Kituo, kikiwa ndicho mkusanyaji, kinatakiwa kuijulisha Tume bila kuchelewa. Kisha mgonjwa aitwe, aketishwe chumba chenye mlango, na aambiwe kwa Kiswahili chepesi: ni taarifa gani imetoka, imewafikia akina nani kwa kadiri inavyojulikana, kituo kimefanya nini, na kwamba anaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume. Akiomba nakala ya taarifa zake, apewe. Faili ni mali ya hospitali, lakini habari zilizomo ni zake.